Diskete Niliyoificha Ndani ya Kamusi

Kisangani, Jumapili mchana

Papa wangu mpenzi,

Kuna neno moja sijamwambia mtu yeyote, hata siku niliyokiri mengine yote: nilipoficha diskete ya shule, sikuificha kwa hofu tu. Niliificha kwa hasira. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ni mwalimu, na ulinifundisha kusoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Kusoma huko ndiko kulikoniingiza matatani.

Mgongo wako umepata nafuu? Mama bado anakohoa asubuhi? Hapa nyumbani kwa Tonton Asani, mdogo wako, tunakula vizuri na mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umechoka.

Unajua kwamba Tonton ni sekretari wa shule yetu, na kwamba ofisini kwake kuna kompyuta ya zamani, zawadi ya watu wa mradi. Yeye anaandika kwa vidole viwili, kwa hiyo mimi ndiye ninayeingiza majina ya wanafunzi wa mwaka wa sita, wale watakaofanya mtihani wa serikali. Mwezi huu prefe, mkuu wa shule yetu, alipokea kutoka Kinshasa boksi la diskete tano zenye mfumo mpya, yaani programu ya kwanza inayoamsha mashine na kuongoza programu nyingine zote. Akataka mfumo wa zamani uondolewe upesi.

"Bon, Citoyen Asani," alimwambia Tonton mbele yangu, "tutabaki na vitu vya zamani mpaka lini? Gouverneur anakuja kutembelea shule. Ataona nini?"

"Citoyen prefe, ile mashine iko natumika muzuri. Haiumi. Kwa nini tuiguse?"

"Ile iko mawazo ya kizamani!"

Kila siku walibishana hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyefungua kitabu kilichokuja na boksi. Mimi nilikifungua, Papa. Nilikisoma mara tatu, kamusi ya Kifaransa pembeni. Kinasema wazi kwamba mfumo mpya unahitaji kumbukumbu kubwa, na mashine yetu ina kumbukumbu ndogo. Niliona kwamba tukiuweka, nafasi itakayobaki haitatosha kufungua programu ya majina. Orodha itafungiwa humo ndani wiki ileile inayotakiwa kupelekwa kwa inspekta, na darasa zima litakosa mtihani.

Nilimwambia Tonton. Akacheka, akaniita mhandisi: "Madame l'ingénieur! Enda osha sahani kwanza." Nikajikaza nikaenda mpaka mlango wa prefe, mimi ninayeshindwa hata kuomba chaki. Bila kuinua kichwa akasema, "Baadaye, mutoto, baadaye." Kazi ilipangwa Jumatatu.

Jumamosi ilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima. Shule nzima ilikuwa nje inakata nyasi za uwanja, walimu kwa wanafunzi, na mimi nilikuwa ofisini namalizia majina. Tonton ndiye anayeshika daftari la salongo. Kila Jumamosi ananiwekea alama ya kuwapo, ili nimfanyie kazi yake bila maswali. Nikaliangalia lile boksi. Nikatoa diskete namba moja, ambayo bila yake zile nne hazina maana, nikaiingiza katikati ya kamusi yangu. Nilikuwa nawaza tu: sasa mtanisikiliza.

Hawakunisikiliza. Jumatatu diskete ilipokosekana, prefe aliita daftari la salongo. "Alors, nani hakuwa?" Jina moja tu halikuwa na alama: Papa Likenge, santineli wetu, mzee wa Isangi anayelinda lango.

"Mugulu ilikuwa naniuma, prefe," alisema. "Lakini diskete, mimi nitafanya nayo nini? Nitaikula na pondu?"

Watu walicheka, hata yeye alicheka kidogo. Prefe hakucheka. Alimwambia arudishe funguo za lango na aende kwake ng'ambo ya mto, Lubunga, mpaka diskete ionekane. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu. Tonton alinitazama, nikajua kwamba amejua. Lakini kunitaja kungemfichua naye, kwa sababu alama iliyonificha aliiweka yeye.

Siku mbili sikula vizuri. Nikisema, namwangusha Tonton anayenipa kitanda. Nikinyamaza, mzee wa watu amekuwa mwizi. Jumatano baada ya kupandisha bendera nilienda kwa prefe na kamusi, nikaifungua mezani kwake penye diskete, nikasema niliitoa Jumamosi watu wakiwa salongo.

"Nani aliandika kama ulikuwa salongo?" prefe akauliza.

Nilitazama sakafu. Tonton, aliyekuwa mlangoni, akajibu mwenyewe: "Ni mimi, prefe."

Hapo niliomba jambo moja: tuiamshe mashine kwa diskete mpya, bila kufuta chochote, halafu tuite programu ya majina. Ilichukua dakika tano. Kioo cha mashine kikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi. Dakika tano, Papa! Wangeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Prefe alisoma mara mbili. "Donc mutoto alikuwa na haki," akasema. Kisha akanigeukia: "Siku ingine sema na mudomo, hapana na mukono." Mfumo wa zamani umebaki. Boksi amelifungia kabatini mwake, na daftari la salongo amempa mwalimu mwingine.

Tonton haongei nami. Tukiwa meza moja anamwambia mke wake, "Ambia mutoto ya ndugu yangu chakula iko." Ninamwelewa, lakini inaniuma, kwa kuwa orodha nzima bado naiandika mimi.

Mpe Mama pole ya kikohozi. Msalimie nyanya, mwambie kitambaa chake cha kichwa nakivaa kila Ijumaa. Kaka yangu mdogo asiguse vitabu vyangu. Nakuomba umwandikie Tonton maneno mawili. Wewe ni mkubwa wake, atakusikia.

Kuhusu Papa Likenge: Alhamisi nilipanda mtumbwi nikavuka hadi Lubunga, nikamwambia yote mbele ya mke wake. Aliniuliza tu kama funguo zake bado ziko kwa prefe, nikamwambia ndiyo, na kwamba prefe anamngoja arudi kazini. Akavaa viatu, tukavuka pamoja. Jana kwenye salongo nilichukua panga, nikakata nyasi za upande wa lango mpaka saa sita. Jina langu lilipoitwa, nikaitika mwenyewe.

Mtoto wako,
Mwamini