Kitanda Kilicho Juu ya Motere

Nchelenge, kando ya ziwa

Mama yangu mupenzi,

Ninakuamkia kutoka ng'ambo ya ziwa. Magoti yako yanasema nini na baridi hii? Na mama mukubwa, kile kikohozi kimemuachilia sasa? Mimi niko muzima, ninakula, ninalala, siku ya Mungu ninafika kanisani. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniuliza tu nimekula nini, kisha rezo, mtandao wa simu, inakatika kabla sijajibu. Barua haikatiki. Mufanyabiashara wa samaki anayevuka kwenda Pweto ataiweka mukononi mwako, na mutoto wa yaya, kaka yangu mukubwa, atakusomea polepole, ukiwa umekaa mulangoni na miguu yako juani.

Kazi yangu ni ileile, kutengeneza motere, injini za mashua hapa bandarini, kama baba alivyonifundisha. Watu wamezoea kuona mwanamuke mwenye mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Lakini mwezi uliopita niliacha mashua kidogo, nikashika mutuka, gari la barabarani, na habari ya mutuka huo ndiyo imenikalisha chini leo.

Jirani zangu ni wazee wawili, Ba Mulenga na muke wake Ba Bupe. "Ba" hapa ni neno la heshima la Kibemba. Zamani Ba Mulenga aliendesha makamyo ya samaki mpaka Lubumbashi, kwa hiyo anasema Kiswahili chetu vizuri, na akikasirika anaongeza Kifaransa. Wako na mutuka wa zamani sana, ule wa kusafiria na kulala humohumo: ndani kuna kitanda, kabati, na sinki ndogo kama ya watoto kuchezea. Muzungu mumoja alishindwa nao hapa, Ba Mulenga akaununua. Miaka mingi ulikaa nyuma ya nyumba, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Rangi yake ilikuwa ya kijani. Sasa imefifia, inafanana na maji ya ziwa asubuhi, wakati hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Ba Bupe anaumwa miguu. Inavimba, hawezi kukaa kwenye minibasi hata safari fupi. Ndiyo maana kwa miaka hakumuona dada yake, Ba Chanda, anayekaa kule Mofwe, kwenye maji ya wavuvi upande wa Mwansabombwe. Siku moja simu ikalia: Ba Chanda ni mugonjwa, ameacha kula, anaita jina la mudogo wake. Ba Mulenga akanifuata bandarini.

"Katika ule mutuka muke wangu atalala," akaniambia. "Njoo uuamushe, Feza."

Tuliuamusha, mama. Niliweka betri, nikasafisha karbirateri, tukatia esanse, yaani petroli, ukakohoa ukaitika. Ba Mulenga alicheka kama kijana. Lakini mimi nilisikia harufu ya esanse. Nikamwambia azime, nikalala chini nitazame. Motere ya mutuka ule iko nyuma, na tiyo za mupira zinazoleta esanse kutoka tanki mpaka pompi, na kutoka pompi mpaka karbirateri, zilikuwa zimezeeka pamoja na mutuka. Zilikuwa zinatoa jasho la esanse, tone baada ya tone, juu ya chuma cha moto. Nilikunja moja kidogo tu. Ikavunjika kama mukate mukavu.

"Hatuwezi kwenda hivi," nikasema.

"Zungushia mupira, ukaze na waya," akasema Ba Mulenga. "Ni safari moja tu."

"Baba, zote ni hivi. Nikifunga hapa, itapasuka pale."

"Mugonjwa anatungoja. Kesho tutafika kufanya nini? Kuzika?"

Alichukua ufunguo, akapanda, akashika usukani kwa mikono miwili. Nilisimama mbele ya mutuka, ingawa ni muzee wa kunizaa na sikuzoea kumupinga mutu wa namna hiyo.

"Baba," nikamwambia, "motere iko wapi?"

"Nyuma."

"Na kitanda cha mama?"

Alijua, mama. Kitanda kiko juu ya motere kabisa, kimetenganishwa nayo na bati tu. Hapo Ba Bupe, aliyekuwa amekaa barazani na kitambaa chake cha safari kichwani, akasema kwa Kibemba, bila kupandisha sauti, kwamba mwenye kulala pale ni yeye, na atanisubiri mimi nimalize. Ba Mulenga akatoa ufunguo. Akaingia nyumbani, na siku ile hakunisemesha tena.

Sokoni kuna tiyo za plastiki zinazoonyesha ndani, nzuri kwa macho, lakini esanse inazikausha upesi. Nilimutuma dereva wa minibasi aniletee za mupira wa esanse kutoka Mansa. Tulingoja mpaka kesho yake alasiri. Kungoja kule kulikuwa kuzito. Kila simu ikilia nyumbani mwao, nilitoka mulangoni kusikiliza. Niliwaza: kama Ba Chanda anaondoka leo, ni mimi nimewanyima.

Asubuhi ya siku ile ya kungoja, tanki ikiwa tupu na milango yote wazi, Ba Bupe aliomba tumulaze kwenye kitanda cha mutuka, ajaribu. Alikuwa amefua mapazia yake, maua madogo ya njano. Upepo wa ziwa uliyainua na kuyashusha, kama mutuka unapumua. Niliketi miguuni pake. Akanieleza kwamba wakiwa wasichana walilala kwenye mukeka mumoja, yeye na Ba Chanda, na viboko walikuja kula majani karibu na ukuta. Yeye alikuwa anaogopa. Dada yake alimuziba masikio kwa mikono yake mpaka alale. Alisimulia macho yamefumbwa, na sauti yake ikawa ndogo, ya mutoto. Kisha akalala kweli, na mimi nikasinzia nimeketi. Nikaota tuko Pweto, wewe unachota maji pale kwenye mawe, na baba anakuja amebeba motere begani, nyepesi kama mutoto.

Honi ya minibasi ndiyo iliniamusha. Tiyo zimefika.

Nilitoa zote za zamani, sikuacha hata moja. Nikakata mpya kwa kipimo, nikazikaza na pete za chuma kila upande. Pale tiyo inapopita kwenye tundu la bati nilikata kipande cha sandali yangu kuukuu nikaizungushia, bati lisije kuisugua. Tukarudisha esanse, nikawasha, nikapangusa kila kitu, nikatandika karatasi nyeupe chini ya motere. Ba Mulenga alikuja akachuchumaa kando yangu. Tuliitazama karatasi ile muda mrefu, motere ikiimba juu yake. Ilibaki nyeupe.

"Panda," akaniambia. "Utakaa na mama."

Mama, safari ile ilikuwa kama ndoto. Tulikwenda polepole, jua limelainika, muhogo umeanikwa kando ya barabara, mweupe kama nguo za ubatizo. Ba Bupe alilala chali akitazama dirishani, anaona vichwa vya miti na mawingu tu, na alinitajia tulipofika kwa harufu: hapa wanaanika samaki, hapa wanachoma matofali. Mimi pua yangu ilitafuta esanse njia nzima. Niliisikia sabuni ya mapazia tu.

Tulipoacha lami na kushuka kuelekea maji, tukaona watu wengi wamekaa uani kwa Ba Chanda kama kwenye kilio, wanawake chini, wanaume kwenye vigogo. Ba Mulenga akapunguza mwendo mpaka mutuka ukasimama wenyewe. Ba Bupe aliniuliza tumeona nini, nikamushika mukono. Ndipo mwanamuke mumoja akaja mbio, akachungulia dirishani, akasema, "Mwaiseni, karibuni, tulikuwa tunamuombea. Anauliza kila mara kama mutuka umefika."

Ba Bupe hakuweza kupanda ngazi za nyumba. Kwa hiyo Ba Mulenga alirudisha mutuka nyuma mpaka mulangoni, vijana wakamubeba Ba Chanda na blanketi lake, wakamulaza humo. Alikuwa mwembamba sana. Alishika pazia, akayagusa maua kwa kidole.

"Nyumba ya nani hii?" akauliza.

"Yetu," akasema mudogo wake.

Ba Chanda alipeleka mikono yake miwili kwenye masikio ya Ba Bupe, akaiacha pale. Mimi nilishuka nikaenda majini kunawa, na sikurudi upesi.

Jioni ile alikunywa uji. Wote walishangaa. Mimi nilirudi Nchelenge na kamyo ya samaki, wao wakabaki. Juma lililopita Ba Mulenga alinipigia: Ba Chanda amefariki, baada ya siku nyingi walizolala pamoja, mulango wa mutuka wazi upande wa maji. Alilia kidogo. Halafu akaniambia, "Kama hasira ingenizuia kukusikia, ningewapoteza wote wawili."

Mama, kwa miaka nimekusumbua uvuke uje kukaa kwangu, nawe unaniambia kaburi la baba na mashamba yako viko huko. Nimeacha kukusumbua. Ni mimi nitakuja, mvua zikikoma na ziwa likitulia, na sitakuja kwa siku mbili.

Nisalimie yaya na muke wake, na mutoto anayesoma barua hii, umupe ndizi. Musalimie mama mukubwa, mama mudogo anayeoka mikate, muchungaji wetu, na yule jirani anayekuchotea maji, umwambie ninamushukuru.

Usinitafutie chumba. Nitalala kwenye mukeka wako, upande wa ukuta.

Mutoto wako,
Feza