Bi Zuhura na Mtaalamu wa Yatima

Jumanne, baada ya isha

Leo nimethibitisha kuwa mtu anaweza kuwa na shahada mbili na bado akawa mjinga.

Nilikwenda na Bi Zuhura soko la vitambaa la Zhongda, huku Uchina ninakosoma. Ni mfanyabiashara wa Dar, nami humtafsiria Kichina kila anapokuja. Tukiwa tunamsubiri laoban, yaani mwenye duka, Bi Zuhura akaniuliza ninasomea nini hasa. Basi! Nikamwaga mhadhara mzima: jinsi zamani kule Amerika yatima maskini wa mjini walivyopakiwa kwenye treni, wakapangwa mstari vijijini ili wakulima wawachague. Mikono yangu ilikuwa hewani kama ya mhubiri.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mimi walinishika viganja, waone kama nitaliweza jembe."

Nikashusha mikono.

Mama yake alifariki Kariakoo, yeye akiwa na miaka saba. Majirani wakampeleka Handeni kwa familia asiyoijua. Mdogo wake wa kiume akachukuliwa na watu wengine.

"Walikutesa?" nikauliza, daftari nishalifungua. Mungu anisamehe.

"Nililima sana. Lakini walinisomesha, na yule mama nilimlilia alipokufa." Akanitazama. "Mwanangu, kwenye utafiti wako, wapo waliowatafuta ndugu zao?"

Sura nne za tasnifu nimeandika. Hilo sikuliwaza hata siku moja.

Nikaona haya. Nikamuuliza mdogo wake aliitwa nani.

"Anaitwa," akanisahihisha. "Anaitwa Salehe."