Yule Mama wa Bambu

Bunia, tarehe 19 Machi 2001

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Pétronille,

Kabla hata ya salamu, naahidi mbele ya Mungu kwamba katika barua hii nitakueleza yote, pamoja na lile ambalo mkono wangu unakataa kuliandika.

Habari za Butembo? Mama anaendeleaje na mguu wake? Je, maharagwe ya kule bondeni yamepata mvua? Sisi huku, mimi na shangazi, tunapumua, tunamshukuru Mungu. Soko likifunguliwa tunakula vizuri. Likifungwa tunakula sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta na shangazi anasema ndiyo dawa ya tumbo. Shule bado imefungwa. Wakimbizi wanalala katika darasa letu la mwaka wa tano, na ubao umepasuliwa kuni. Lakini vitabu vyangu nimevitunza, na Jumapili ninasoma.

Unajua kwamba tangu Januari ninatumika kama muuguzi kwa Daktari Élisée, hapa mtaa wa Mbunya. Cheti sina, ila vita vimewakimbiza wenye vyeti, na zile sindano ulizonifundisha kuchoma kwenye papai zimenisaidia. Mama Léonie anafunga vidonda chumba cha nyuma. Mimi ninapima homa, ninatundika chupa za serumu, ninawaita wagonjwa. Wananiita Madamazele. Nakiri kwamba jina hilo linanipendeza.

Kuwaita wagonjwa hapa kuna sheria yake. Siku ya kwanza daktari alinikataza kabisa kutamka jina la mtu barazani, kwa sababu siku hizi jina linasema kabila, na kwenye benchi letu moja wanakaa watu ambao ndugu zao wanauana. Nikamuuliza niwaiteje. Akaniambia wanaume niwaite kwa kofia au shati, na wamama niwaite kwa picha za vikwembe wanavyojifunga. Kwa hiyo kutwa utanisikia nikiita mama wa mbayuwayu, mama wa taa, mama wa majani ya muhogo. Watu wanacheka hata wenye homa. Bibi mmoja alinigombeza mlangoni, eti: “Weye mutoto, jana uliniita kuku, leo uniite hata malkia!” Nilimwita malkia, akaingia kwa madaha huku akikohoa.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kijana, anaitwa Emérance, na binti yake Vanessa ambaye bado hajaota meno yote. Mtoto alikuwa anaungua. Nilipomuuliza wanakotoka, aliinama karibu na sikio langu akaniambia wametoka Bambu, kwa upande wa pili wa vita, walikimbia nyumba zilipochomwa, lakini tafadhali niandike Bunia. Niliandika Bunia. Akanishika mkono, akaniita mudogo wake. Wamama wa parokia walikuwa wamemficha kati yao, wakampa hata kikwembe chao cha buluu, kile cha chama, ili asionekane mgeni.

Daktari alimkuta Vanessa na malaria iliyopanda kichwani. Tulimtundikia serumu ya kinini. Alipotulia, Emérance aliniomba nimtazamie mtoto, atoke kidogo kutafuta uji. Hakurudi. Muuza mkate wa jirani alisema alimwona akitembea katikati ya wanaume wawili, hapigi kelele, anatazama chini. Tangu hapo hakuna habari. Mama Léonie anasema wamama wengine hupelekwa kuwapikia askari, kisha huachiliwa, naye anamjua mmoja aliyerudi. Hilo ndilo ninaloliomba asubuhi na jioni.

Vanessa amepona. Yuko kwetu kwa shangazi. Anakula vizuri, analala akishika kidole changu, na akisikia mlango anageuka haraka. Haniulizi kitu, bado hajui kuuliza.

Daktari alituita mimi na Mama Léonie, akafunga mlango. Alisema mtu yeyote akiuliza tujibu kwamba mama yule aliondoka mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuaga. Mama Léonie aliguna, akasema huko ni kumtukana mama wa watu. Daktari alijibu kwamba anajua, lakini ikisikika upande ule kwamba mtu wao alitolewa kwenye benchi letu, hakuna mzazi wa kule atakayeleta tena mtoto, na watoto watakufa majumbani kwa homa ambayo dawa yake tunayo. Yaya, hasemi uongo. Wanakuja wakijificha, lakini wanakuja.

Kisha akauliza kama mmoja wetu anajua ilijulikanaje kwamba anatoka kule. Mama Léonie alisema yeye alikuwa nyuma na vidonda. Mimi nilitazama viatu vyangu. Daktari akasema basi, mji una macho mengi.

Yaya, si macho ya mji. Ni mdomo wangu.

Siku ile wamama wa parokia walikuwa wamemzika mwenzao, na baada ya misa wengi walipitia kwetu na watoto wao, wote katika kikwembe kile kimoja. Majibu ya damu ya Vanessa yalipotoka mabaya, daktari aliniambia nimlete mama yake upesi. Nikatoka barazani nikaita mama wa buluu. Nusu nzima ya benchi ikasimama! Mmoja akapiga makofi, akasema: “Madamazele, leo siye wote ni bibi wa bwana moja!” Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilitaka nami niwachekeshe, na nilikuwa na haraka, na nilijiona mtu mkubwa mbele yao. Nikasema kwa sauti: “Hapana, ninamutaka ule wa Bambu!”

Kicheko kilikatika. Emérance hakuinuka mara moja. Alinitazama kwanza. Mwanaume mmoja aliyekuwa amekuja na mkono uliovimba alimuuliza kwa upole sana, kama mtu anayetafuta ndugu: “Mama, Bambu ya upande gani?” Emérance alimbeba mtoto akaingia. Niliporudi kumwita mwanaume yule, nafasi yake ilikuwa wazi. Alikuwa amekwenda bila kutibiwa mkono wake.

Daktari alinikataza jina. Mimi nilijidanganya kwamba mahali si jina. Ningeweza kutembea hatua chache nikamgusa bega, miguu yangu ilikuwa mizima. Tena alipotoka kutafuta uji, ningeweza kumzuia. Niliogopa kwamba nikimzuia itabidi niseme kwa nini.

Sasa jana imefika habari kutoka Boga. Baba wa mtoto, Étienne, yuko hai kule, amesikia kwamba mtoto yuko kwetu, na wiki ijayo atakuja kumchukua kwa njia za kichakani. Atauliza mke wake yuko wapi, na mlangoni nitakuwepo mimi.

Barua hii anakuletea Lambert, dereva wa lori la chumvi. Anageuza kurudi huku kutoka Butembo Alhamisi, kwa hiyo mpe jibu lako mkononi, usimpe mtu mwingine. Mama usimsomee, mwambie tu mimi ni mzima. Msalimie sana, na watoto wako, na majirani wote wanaonikumbuka katika sala.

Yaya, wewe ndiwe uliyenifundisha kazi hii, basi nijibu bila kunihurumia: nimwambie Étienne kwamba ni mimi niliyemtaja mke wake, hata kama watoto wa kwao watakosa mahali pa kutibiwa, au nimwache aende na binti yake akiamini kwamba Emérance alimtupa mtoto mgonjwa akakimbia?

Mdogo wako akupendaye,
Kahindo Sandrine