Nimemwangusha Mkwe Wangu Mbele ya Mchungaji, na Harusi ni Jumamosi

Mpendwa Shangazi Earline, naomba msaada wako, tena naomba uharakishe, kwa sababu safu yako hutoka Jumatano na binti yangu wa pekee, Odessa, anaolewa Jumamosi hii, na kama mambo yatabaki yalivyo atakayemshika mkono kumpeleka mbele ya kanisa si mimi baba yake bali mjomba wake Curtis, muuza magodoro, ambaye tayari ameshanunua suti ya kijivu na anapita nayo mtaani.

Mimi nina miaka hamsini na moja na ratili mia tatu na kumi, na kwa misimu kumi na mmoja nilicheza mstari wa mbele wa ulinzi katika timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu huu, kazi yangu ikiwa ni kusukumana na majitu mawili ili wenzangu walioko nyuma wapate sifa, na sikunung'unika, kila mtu na riziki yake, ingawa katika misimu yote hiyo hakuna aliyewahi kunikabidhi ule mpira wetu wa ngozi ya kahawia uliotuna katikati, mara moja tu uliniangukia tumboni na refa akaja akauchukua kabla sijauangalia vizuri. Shida yangu ilianza Januari ile unayoijua, Shangazi, maana hapa Wisconsin hakuna asiyeijua, theluji magotini, tunaongoza, zimebaki sekunde arobaini, na mtoa pasi wao, yule arushaye mpira kwa mkono na ambaye kazi yangu ni kumwangusha, akapiga kelele zake za uongo, "Haya! Haya sasa!", nami nikaruka, na mpira ulikuwa bado umelala chini, na sheria ni kwamba mtu asitoke kabla mpira haujasogea, nikawa nimeotea, wakapewa yadi tano, na yadi tano hizo ndizo zilizowapa ushindi, na mpaka leo nikienda dukani kununua jibini hakosekani mzee mmoja wa kuninong'oneza nyuma ya rafu, "Haya sasa."

Kiangazi kilichofuata marehemu Kocha Brodzinski alifunga mpira kwenye ncha ya mti wa ufagio, akauweka puani pangu, akawa ananipigia kelele kila siku, "Ruka! Nyumba yako inaungua! Mama yako amekuja!", na mama yangu kweli alikuwa amekuja, kutoka Louisiana, na chungu cha wali na kamba, lakini sikugeuka, mpaka mpira ulipotikisika ndipo nilipotoka kwa kasi, na kocha akaniambia, "Umeiva, Thaddeus. Mdomo hudanganya, mpira haudanganyi," na tangu siku hiyo sikuotea tena, ila ndiyo hivyo, Shangazi, nilistaafu miaka kumi na tano iliyopita na bado sauti ya mtu hainitoi nilipo. Mke wangu Verlene akisema chakula tayari nakaa tu, mpaka asogeze sahani. Taa ikiwaka kijani na wa nyuma wakanipigia honi, kadiri wanavyozidi kupiga ndivyo ninavyozidi kuwashuku.

Basi Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazoezi ya harusi kanisani, mimi na Odessa mlangoni, amenishika mkono, na Mchungaji Whitlow akasema, "Sasa baba amlete bibi harusi," nikasimama, akasema tena, nikasimama, Odessa akaninong'oneza, "Baba, twende basi," na moyo ulitaka kwenda, nakuapia, lakini miguu iligoma, na mchungaji akapaza sauti, "Haya, mzee! Haya sasa!", na hapo, Shangazi, hata trekta lisingeniondoa. Mchungaji alipochoka akainua Biblia yake kutoka mezani, na ni Biblia ya ngozi ya kahawia, imetuna katikati, na bwana harusi, Travis Koepke, kijana mwembamba anayefundisha piano, alikuwa wakati uleule ameinua mkono wa kulia kumpungia Odessa, na mtu asiinue mkono wa kulia mbele yangu kama mtoa pasi anayetaka kurusha.

Sikumbuki njiani palikuwa na nini. Nakumbuka nimelala juu ya Travis kwenye viti vya kwaya, kisha, na hili ndilo linaloninyima usingizi, nikainuka nikacheza ile ngoma yangu ya kushangilia, mabega na kiuno, mbele ya msalaba, kwa sababu katika maisha yangu yote ya kazi niliwaangusha watoa pasi wanne tu na nilikuwa sijaicheza siku nyingi. Mama yake Travis akafungua karatasi yake akamuuliza jirani, "Hii iko kwenye ratiba?" Travis akasema, "Niko salama, baba," kwa sauti nyembamba, na kiatu chake kimoja kikawa hakionekani. Odessa hakupiga kelele, bora angepiga, alinitazama tu akasema, "Jumamosi utakaa nyuma, Baba, karibu na mlango. Mjomba Curtis atanipeleka."

Shangazi, mtoto huyu alizaliwa Jumapili ya Novemba nikiwa uwanjani, na mpaka nilipostaafu sherehe zake za kuzaliwa zilinikuta uwanjani, na nilijiahidi kwamba siku hii moja nitakuwa pembeni yake. Nampenda na naogopa. Nifanye nini? Tafadhali ficha jina langu.

Ni mimi, Mzito Asiyesogea.

SHANGAZI EARLINE ANAJIBU:

Baba Odessa, unaniomba nifiche jina halafu unanitajia mke, binti, mkwe, mchungaji na yadi tano? Mji mzima umeshakujua. Na mimi siku ile ya Januari nilikuwa uwanjani, safu ya kumi na mbili, na marehemu mume wangu alitupa soseji nzima kwenye theluji kwa ajili yako, mtu ambaye hajawahi kutupa chakula. Tulikusamehe kabla haijafika Pasaka. Aliyebaki na kinyongo ni wewe na huyo mzee wa rafu ya jibini, naye anamnong'oneza kila mtu.

Pole yako nimekupa, sasa sikiliza. Huyo mtoa pasi alikudanganya mara moja, ukaamua kuwaadhibu watu wote wenye mdomo. Verlene amekudanganya lini? Amesema chakula tayari na mezani hapana chakula? Miaka yote hiyo mwanamke anasogeza sahani kama anafundisha paka! Ona aibu kidogo. Na mama yako, na kile chungu cha wali, ningekuwa mimi ningekumwagia.

Lakini zilizobaki ni siku tatu, na mtu wa ratili mia tatu na kumi habadiliki kwa siku tatu. Kwa hiyo fanya hivi.

Leo jioni nenda kwa Travis. Mpelekee samaki wa kukaanga, na mrudishie kiatu, kwa maana nina hakika kiko ndani ya gari lako na unaona haya kukitoa. Kijana uliyemwangukia mzimamzima akasema "Niko salama, baba" ni mkwe ambaye wengine tunamtafuta kwa tochi. Mwambie Jumamosi mikono yote miwili aitie mfukoni.

Kisha nenda kwa Odessa. Usijitetee. Mwombe nafasi moja ya kujaribu, na uchukue mti wa ufagio wa marehemu kocha wako, ambao naamini hukuutupa. Mpe aushike. Akiutikisa mpira, piga hatua moja. Akiutuliza, simama. Rudieni sebuleni mpaka mmalize zulia bila kuvunja kitu. Ukifaulu, Jumamosi mpira ufichwe katikati ya maua yake. Mchungaji aseme atakalo na kwaya iimbe itakavyo, wewe tazama maua tu, na binti yako atakuongoza mwenyewe. Biblia ya kahawia ibaki nyumbani, nitampigia simu Whitlow atafute nyeusi. Na Curtis mwambie suti ya kijivu inafaa sana kwa kuuzia magodoro.

Mkifika mbele, Odessa auchomoe ule mpira akukabidhi. Ndiyo, wewe. Upokee kwa mikono miwili na usikimbie nao. Hakuna refa atakayekuja.

Ndipo mchungaji atauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Ni sauti ya mtu, najua, na utataka kungoja mpira usogee. Mpira utakuwa mikononi mwako, Thaddeus. Mjibu.