Kadi za Harusi Nilizoandika kwa Mkono

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe bila hiyo.

Ninaolewa. Ni Idrisa, yule kijana wa Magindu niliyekuwa namsema kila nikirudi kutoka chuoni, wewe ukacheka ukaniambia, "Unavyomtajataja huyo!" Sasa yuko kiwandani Zegereni, ameota kitambi kidogo, tabia ni ile ile. Kwa Idrisa sina neno. Ninachokuandikia ni kadi.

Kamati ilikaa hapa Kibaha, nyumbani kwa baba, na fedha zote zikaishia kwenye ukumbi na chakula. Kadi zikabaki hewani. Mimi na kiherehere changu nikasema nitatengeneza mwenyewe. Nikanunua manila nyeupe Mlandizi, nikaikata kwa rula na wembe, nikaandika kadi moja safi, nikaipeleka steshenari wanitolee kopi. Manila ikakwama kwenye mashine. Tukajaribu tena, ikakwama tena. Yule kijana akanirudishia karatasi zangu zimekunjamana, akasema, "Dada, hii ngumu, utaniulia mashine." Basi ikabidi niziandike zote kwa mkono. Nikajiona mjanja, maana mwandiko ninao, na wewe ndiye uliyenipa sifa hiyo mtaa mzima.

Kumbe nilikuwa najifungia mlango kwa ndani.

Maneno ya kadi aliyapitisha baba. Yanasema: "Bw. Ramadhani Pazi na mkewe Bi. Zainabu wa Kibaha wanayo furaha kukualika," kisha nukta za kujaza jina la mgeni, kisha, "kwenye harusi ya binti yao mpendwa." Zainabu ndiye baba aliyemwoa baada yako. Mimi namwita mama mdogo. Nilimwomba baba tuongeze mstari mmoja tu, "na marehemu Bi. Mwanahawa." Watu wanaandika hivyo, kadi za namna hiyo nimeziona nyingi. Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema, "Mwanangu, kadi ya harusi siyo tangazo la msiba." Akaivaa tena. Unamjua akishaivaa tena.

Zingechapishwa ningevumilia. Mashine ingesema maneno yake, mimi ningetia kwenye bahasha nikaendelea na mambo mengine. Lakini sasa ni mkono wangu unaosema. Nafika kwenye "binti yao", naandika. Navuta kadi nyingine, naandika tena. Kuna siku nilikaa hapo mezani tangu chai mpaka adhuhuri, nikahisi kila kadi ninayomaliza inakusogeza mbali kidogo, na anayekusogeza ni mimi. Nikiacha, harusi haina kadi. Nikiandika, ndiyo hivyo.

Na mama mdogo, mwenye jina lililo kwenye kadi, amekaa mbele yangu, anakunja bahasha.

Hapo ndipo nilipobanwa, Mama. Angekuwa mtu mbaya ningepumua. Ningegombana naye, ningefunga kibegi changu nikaja Kisarawe kwa bibi nikalia nikaridhika. Lakini huyu ndiye aliyelala sakafuni hospitali Hassani alipougua, na Hassani ni mdogo wangu mimi, wewe ndiye uliyemzaa. Mpaka leo hajawahi kutukumbusha. Nikiandika ananiletea uji wa pilipili manga, anaweka pembeni, anaondoka. Hasira yangu haina pa kukaa.

Halafu ukaja ule ukili wako wa mkeka.

Unaukumbuka. Ulikuwa ukiusuka barazani Kisarawe, miguu umeinyoosha, ukindu wa zambarau na kijani umelowekwa kwenye karai, na mimi kazi yangu kushika ncha. "Shika, usiachie," ulikuwa unasema, kisha unasahau kabisa kuwa kuna mtoto ameshika, mkono unaniuma. Ulisema ni mkeka wangu wa kuolewa. Ukili wote uliumaliza kusuka. Kuushona uwe mkeka hukuwahi.

Tulipohamia Kibaha nilidhani umepotea. Kumbe mama mdogo aliubeba, akauviringisha kwenye khanga yako, akaweka majani ya mwarobaini wadudu wasiuguse, akaupandisha juu ya kabati. Miaka yote hiyo uko chumbani kwake na mimi sijui. Juzi tulipokosa utepe wa kufungia kadi, akaushusha, akauweka mezani.

"Tukate vipande," akasema. "Kila kadi ipate kidogo. Na yeye awepo."

Nikaenda uani kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Niliporudi alikuwa ameshakata.

Mama mdogo ni mtu wa bara, mambo ya ukili hayajui. Aliukata mkavu, bila kuulowesha, bila kufunga uzi kando ya pale anapokata. Ukafumuka. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, ukindu wako umetawanyika miguuni pake, anajaribu kuurudishia kwa vidole, na kila akijaribu unafumuka zaidi.

"Nimemharibia," akasema. Akatazama mlango wa chumbani, utadhani wewe uko humo ndani na utatoka sasa hivi.

Nilitaka kupiga ukelele wa kusikika Ruvu. Badala yake nikausikia mdomo wangu unasema, "Si kitu, mama mdogo." Nilimchukia, kisha nikajichukia, kisha nikaenda kuteka maji. Nikalowesha ile ncha iliyobaki, nikaizungushia uzi, nikakaza mpaka ukaacha kufumuka. Mikono ilijua yenyewe. Yale majani yaliyofumuka tukayachambua, kila jani likafunga kadi moja. Zimependeza, Mama, nisikufiche. Idrisa alipoziona aliuliza tumezinunua wapi.

Kazi ya mwisho ilikuwa kujaza majina ya wageni. Mimi naandika jina, namsogezea mama mdogo, yeye anaandika pembeni singo au dabo, maana siku hiyo mlangoni kamati inaangalia hapo, kama kadi ni ya mtu mmoja au wawili. Tukaenda hivyo mpaka majina yakaisha, ikabaki kadi moja safi.

Baba alinizuia kwenye mstari wa wenyeji. Kwenye mstari wa wageni hakunizuia mtu. Nikaandika: Bi. Mwanahawa Kondo. Nikaisogeza mbele pamoja na zingine.

"Singo au dabo?" akauliza mama mdogo, hajasoma bado.

"Singo," nikasema, na nilisema kwa ubaya. Nilitaka imchome. Nilitaka ajue kuwa huna wa kuja naye kwa sababu mumeo anaye yeye.

Akasoma. Kalamu ikabaki juu juu, haigusi karatasi. Kisha akaandika kwa zile herufi zake za duara: Dabo.

"Mume wake si yupo," akasema taratibu. "Wakae pamoja pale mbele. Mimi siku hiyo nitakuwa na wapishi."

Akainuka kwenda kutazama maharage. Hakuwa ananisuta, ningejua. Alikuwa ameshapanga hivyo siku nyingi, na mimi nilikuwa nahangaika na kalamu.

Sasa niambie, Mama, mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Ijumaa nakuja Kisarawe kukusomea dua, na kadi yako nitakuachia hapo kaburini, niiwekee jiwe isipeperuke. Mvua itaila, najua. Ukili uliobaki haukatwi tena. Bibi ataniketisha barazani anielekeze kuushona. Utakuwa mkeka mfupi kuliko ulivyokusudia, Idrisa atalala miguu iko sakafuni. Hayo ni yake.

Nikisoma "binti yao" bado naumia, na nadhani nitaumia hata nikiwa na wajukuu. Lala salama, Mama. Ile ncha bado nimeishika.

Ila kuna kitu nakuahidi, na usinikasirikie. Jikoni mama mdogo hatakaa. Nitamfuata mwenyewe na shela yangu kichwani, nimtoe hivyo hivyo na harufu yake ya vitunguu. Baba kiti chake anacho, hahitaji kadi ya mtu. Yako ni dabo, na wa pili wako ni mama mdogo. Mshike mkono muingie wote, maana peke yake hataingia.

Mwanao,
Asha