Jua la Januari

Jumatatu, 12 Januari 2026

Ramani yangu imekataliwa. Imekataliwa! Bosi Titus aliishika kwa vidole viwili kama soksi chafu. Matundu mawili ya nini huku juu, Mideva? Hii ni nyumba ama filimbi? Ofisi nzima ikacheka. Jepchirchir, yule mgeni wa ofisi, naye akacheka — kidogo, ameziba mdomo, lakini nilimwona.

Miezi mitatu nimeichora! Nyumba ya chini ya ardhi ya Mzee Lusweti, hapa Lumakanda. Amewagawia wanawe, amebaki na ekari moja, hataki nyumba imlie shamba. Mahindi juu, watu chini. Na ni mimi niliyesema tuchimbe kisima cha mwanga: shimo refu kutoka juu, kuta zipakwe chokaa, jua lishuke mpaka sebuleni. Mimi!

Jumatano, 14 Januari

Jepchirchir ndiye ataongoza kazi. Miezi minne tu tangu atoke chuo. Mgeni njoo, mwenyeji apone — nani amepona hapa?

Kisima changu amekichukua. Ila chake ni tundu moja, limeinama kuelekea kusini, upande wa Kakamega. Amepima jua siku tano kwa kioo na kamba. Mchoro wake unapendeza. Unapendeza mpaka unauma.

Ijumaa, 23 Januari

Kuta za ndani ni mbao za kusogezwa. Leo stoo ya mahindi, kesho chumba cha kijana akioa. Sawa, hilo ni lake. Lakini juzi tukila githeri nilimwambia, porojo tu, kwamba kwetu mke wa mwana hapiti mlango mmoja na baba mkwe. Leo kila chumba cha kuongezwa kina mlango wake wa nje! Bosi anasema huyu msichana anaelewa watu. Anaelewa mdomo wangu!

Wivu sina.

Haya, ninao.

Jumanne, 3 Februari

Wameanza kuchimba. Jioni wachimbaji wakalaza shina la mgomba ndani. Wanasema shimo tupu haliachwi hivi hivi, litaita mtu wa kuzikwa. Jepchirchir hakuuliza swali, akashika upande mmoja akabeba nao. Matope mpaka magotini. Mzee Lusweti akampenda papo hapo. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vizuri.

Jumapili, 22 Februari

Nilienda kwa mama, huko Mautuma, baada ya kanisa. Ameanika mahindi ya mwisho. Akasema tusogeze turubai, kivuli cha ghala kimeanza kuhama, jua linarudi upande wa Kitale. Nikabaki nimeshika turubai kama mjinga.

Jua! Januari liko upande wa Kakamega. Mwezi wa sita liko kaskazini, upande wa Kitale. Mtoto yeyote aliyeanika mahindi anajua. Jepchirchir amepima Januari peke yake! Kuanzia Aprili mpaka Agosti jua halitaingia kwenye kile kisima hata dakika moja. Ndiyo maana mimi nilichora matundu mawili, moja kila upande. Na sikumweleza bosi kwa nini, nilidhani kila mtu anajua. Ule mchoro wake nimeutazama mara ishirini, nikaona uzuri wake tu.

Nitamwambia Jepchirchir kesho.

Jumatatu, 23 Februari

Sikumwambia. Bosi alimletea soda, akampigia makofi mbele ya wote. Wacha. Wacha wajue filimbi ni nini.

Alhamisi, 5 Machi

Mke wa mzee, Mama Nekesa, macho yake yamefifia. Sebule hii ya chini inajengwa kwa ajili yake hasa. Mbao za kisima zimeshasimama, saruji bado. Kila siku saa sita mchana anashuka na uteo wake wa maharagwe, anakaa kwenye doa la jua, anachagua mawe. Anasema hajaona punje vizuri hivi tangu mwaka juzi.

Bosi alitaka mtu wa pili akague mchoro, atie sahihi. Nikatia. Nikaweka na tarehe, mwandiko safi, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 11 Machi

Doa limepungua. Sasa linatosha uteo tu. Jepchirchir anasema ni mawingu ya mvua. Mama Nekesa akasogeza kiti, akacheka. Hapa kwetu jua linahamanga, msichana wangu, lakini nyinyi mmesoma, mmelifunga mahali pamoja. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikasema ndiyo, mama.

Ndiyo, mama! Mimi ni mtu wa aina gani?

Jumamosi, 14 Machi

Naandika hapa hapa shambani, nimekalia gunia la saruji. Saa nne asubuhi. Wamemaliza kumwaga zege la kisima, mafundi wako kwenye chai. Fundi mkuu anasema likianza kushika, saa sita hivi, hapo ni nyundo tu.

Jepchirchir aliniita juu. Njoo uone, dada. Alikuwa na msumari mkononi. Kwenye mdomo wa kisima, juu ya zege, ameandika jina. MIDEVA. Herufi kubwa, zimenyooka. Lake liko chini, dogo. Akasema wazo lilikuwa la dada, na alimwambia bosi hivyo tangu siku ya kwanza. Bosi ndiye hakutaka kusikia. Akasema ile siku ya filimbi alicheka kwa woga, imemkaa rohoni mpaka leo.

Nikamwambia nashuka kutafuta kalamu.

Jina langu. Nimelililia miezi miwili. Sasa liko pale, na Mama Nekesa atakaa chini yake gizani na uteo wake.

Zege bado ni laini. Nimeligusa, kidole kimezama. Saa nne na nusu. Wakibomoa sasa, mbao zinageuzwa, tundu la pili linatoka. Na nitaulizwa nimejua tangu lini. Na ile sahihi.

Jepchirchir anakuja. Ameshika vikombe viwili vya chai, anatembea polepole asimwage. Cha kwangu ndicho kilichojaa.