Zabibu Nyekundu za Hombolo na Safari ya Mama

Wabera,
Isiolo.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mohamedamin,

Salaam aleikum warahmatullah. Natumaini wewe, mkeo Hoda na mtoto hamjambo huko Hombolo, na kifua chako kimeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamuuma asubuhi, lakini bado anaifukiza moshi mitungi yake ya maziwa yeye mwenyewe na kwenda sokoni kuuza maziwa ya ngamia. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama umechoka kumwona.

Mvua hatujaiona tangu Mei. Nasteha wangu ameingia kidato cha pili na sasa anajua kila kitu.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ulipotuma nauli ya Umra, Mama alilia, kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama afanyavyo kila anayekwenda Makka. Akafika kwa Jarso, yule dereva wa lori. Jarso alimsamehe, na kwa kutaka kumfurahisha akamsimulia alivyoyaona mashamba yenu huko Dodoma: ardhi kavu kama ya kwetu Kinna, na zabibu nyekundu iitwayo Makutupora imejaa, inavunwa mara mbili kwa mwaka.

"Lakini hiyo nyekundu si ya kula, mama," akamwambia. "Karibu yote inaenda kutengeneza mvinyo."

Mama alirudi nyumbani akaifungia pasipoti sandukuni. "Mimi siendi Makka na hiyo pesa," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu bila kutaja jina lako. Alisema zabibu yenyewe ni halali. Kosa ni kumuuzia mtu huku ukijua ataifanya pombe. Nimelifikiria sana neno hilo, kwa sababu wewe unajua, na mimi najua. Ulinieleza kwa simu mwaka jana zinakoenda, nami nikamwambia Mama kwamba zabibu zako zinakaushwa, watu wafuturu nazo. Nilitaka aende, Mohamedamin. Niliona uongo ni mdogo na safari ni kubwa. Ijumaa nilimweleza ukweli. Alinipa mtungi nioshe.

Sikuhukumu. Nakumbuka ukame ulivyomaliza ngamia wetu kule Gotu, na jinsi ulivyoondoka na begi moja. Ardhi ile ilikupokea. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingejua la kufanya na ekari mbili za mizabibu inayozaa.

Nauli yako iko kwangu, haijaguswa. Mama ameanza kuweka akiba ya pesa za maziwa, anasema atafika kwa jasho lake. Nilipiga hesabu nikaiacha katikati. Ana miaka sabini na tatu.

Kwa hiyo usimtumie kitu kingine. Njoo wewe, ukae naye siku chache, umwambie kwa mdomo wako unalima nini na unamuuzia nani. Mimi sitamsemea mtu tena.

Barua hii anaileta Jarso mwenyewe. Usimlaumu, alidhani anakusifu. Mjomba Ahmednur na shangazi Sabdio wanakusalimu, na Nasteha anamuulizia mtoto.

Mungu akufungulie riziki utakayoweza kumtajia Mama bila kuinamisha macho.

Dada yako, akupendaye hata sasa,
Fosia